Moto wa Kuhamia Kwemvumo

Hapo zamani, mito ilipokuwa bado inajitafutia njia, kulikuwa na nyumba moja bondeni yenye moto ambao hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuwasha.

Haukuwa moto wa ajabu. Ulipika ugali kama moto mwingine, ulitoa moshi kama moto mwingine, na mtoto akiuchezea ulimuunguza kama moto mwingine. Ila haukuwashwa. Jioni ulifukiwa katika majivu, alfajiri ulifukuliwa, na mwanamke aliyeufukua aliutaja.

Kuutaja moto ni kutaja majina ya wanawake waliouingiza katika nyumba mpya kila ukoo ulipohama. Majina yalikuwa matano, na yalitajwa hivi: "Huu ni moto wa Kolwa. Kolwa alimpa Mwanshamba. Mwanshamba alimpa Tunu. Tunu alimpa Mbuke. Mbuke alimpa Havijawa." Yote kwa pumzi moja. Pumzi ikikatika, mtajaji alirudi kwa Kolwa akaanza upya. Na kila kuhama kuliongeza jina moja, halikuongeza mawili.

Wanaume wa nyumba ile walizikwa chini ya mawe, na mawe yalijulikana, hili la fulani na lile la fulani. Wanawake hawakuwekewa mawe. Wao walikuwa na moto. Ambaye jina lake halikuingia motoni, vitukuu wake hawakujua kama aliwahi kuchota maji wala kucheka.

Katika nyumba hiyo aliolewa Siwema. Alitoka mbali, mwendo wa siku tano, kwa watu wa misituni wanaorina asali. Mama yake alikwishakufa, na kwao hapakubaki mtu wa kumkumbuka. Asubuhi yake ya kwanza ya ndoa, akiwa kati ya usingizi na kuamka, alisikia yale majina yakipita gizani mwa nyumba, Kolwa, Mwanshamba, Tunu, Mbuke, Havijawa, akadhani ni ndege anayeimba nje. Alipojua si ndege, akawa anaamka mapema kila siku ili asikilize. Na mara nyingine, chini ya shuka, midomo yake iliongeza bila sauti: Havijawa alimpa Siwema. Kisha alijifunika uso kwa aibu, kama mtu aliyeonja mboga kabla ya wageni.

Mwaka mmoja mto ukahama. Haukufurika ukarudi, kama ilivyo desturi ya mito. Uliinuka kitandani mwake ukaja kulala shambani mwa watu. Mwezi wa kwanza ulikula mtama. Mwezi wa pili ulikula njia. Mwezi wa tatu Bibi Havijawa, mama wa nyumba ile, alifungua mlango asubuhi akakuta maji yamekaa kizingitini kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

Mwanawe wa kwanza, Mngoya, alikuwa amepanda milimani tangu mto ulipokula mtama, akakaa huko miezi miwili. Aliporudi alikuwa amekonda, naye anacheka.

"Mama, nyumba iko tayari. Iko Kwemvumo, juu kabisa, mto hauwezi kupanda hata ukifundishwa."

"Umeezeka?"

"Nimeezeka. Kuta nimekandika. Kuni nimepanga ubavuni mwa nyumba, kavu tupu, za miezi minne."

"Mafiga?"

"Mafiga matatu, nimeyachagua mwenyewe, hayayumbi."

"Basi umejenga zizi zuri," alisema Bibi Havijawa. "Nyumba bado. Nyumba ni moto."

"Si ndio tunakwenda nao, mama?"

"Mwendo wa siku ngapi?"

Mngoya akaacha kucheka. "Siku tatu."

Bibi Havijawa aligeuka akautazama moto. Moto ule haukuwahi kusafiri zaidi ya nusu siku. Kolwa aliuvusha kijito. Mbuke aliupitisha bonde moja. Yeye mwenyewe aliubeba kutoka asubuhi hadi jua la utosi tu.

Sasa sikilizeni masharti ya moto wa kuhamia. Moto hutangulia na watu hufuata, kwa kuwa moto ndio mwenye nyumba, watu ni wageni wake. Moto haukopwi siku ya kuhamia. Ukichukua kaa kwa jirani, nyumba yako imekuwa mtoto wa nyumba yake, na mtoto hutajwa, hataji. Na chungu cha moto hakiwekwi chini penye maji, kwa maana chungu hicho kina tundu kitakoni, upana wa kidole, na moto hupumulia hapo.

Bibi Havijawa alikitandika chungu kwa mkono wake. Chini samadi kavu ya ng'ombe, juu yake majivu, katikati makaa manne mekundu, kisha majivu tena, kisha kifuniko. Akawaita wanawake watatu wa nyumba. Kidawa, mke wa Mngoya. Mkasi, binti yake wa kumzaa. Siwema, mke wa mwanawe mdogo.

"Njia ni siku tatu, na ninyi ni watatu," alisema. "Kidawa siku ya kwanza, Mkasi ya pili, Siwema ya tatu."

"Na jina, mama?" aliuliza Kidawa, aliyependa mambo yajulikane mapema. "Wa siku ya tatu ndiye atakayevuka kizingiti, jina liwe lake?"

"Zamani aliyebeba na aliyevuka alikuwa mtu mmoja. Leo sijui. Ugali wa kwanza ukiwa jikoni nitataja, na nitaongeza jina moja. Twendeni, maji haya hayana subira."

Wakatoka.

Siku ya kwanza chungu kilikuwa cha Kidawa. Kidawa alikibeba kichwani, na mkononi alishika mzigo wake, na katika mzigo kulikuwa na mbegu za mtama. Mtama wa Kidawa ulijulikana bonde zima. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akichagua punje, nyekundu kwa nyekundu, nzito kwa nzito, hata ikawa ndege wanaujua na majirani wanauomba. Walipofika kwenye mkondo wa mto ule uliohama ilibidi wauvuke, kwa kuwa milima iko ng'ambo. Maji yalikuwa mapana na ya polepole, na jua lilikuwa limelala juu yake, hata ungesema wanatembea ndani ya asali. Yalimfika Kidawa magotini, kiunoni, kifuani. Katikati mchanga ukamtoka miguuni, na chungu kikainama.

Siwema, aliyekuwa nyuma yake, aliona mikono miwili ikipanda hewani. Mzigo ukaanza kuelea, taratibu, kama bata.

"Kidawa! Mzigo!" alipiga kelele Mngoya.

"Mzigo gani?" Kidawa alijibu bila kugeuka. "Unaniona nina mikono mingapi, mume wangu?"

Alitoka ng'ambo ya pili mikono yote miwili ikiwa imekumbatia chungu. Hakuna tone lililoingia. Hakutazama mto. Aliinua kifuniko, akapuliza, na wekundu ukaonekana chini ya majivu kama jicho la mtu aliyeamshwa.

Moto ulikuwa hai.

Siku ya pili chungu kilikuwa cha Mkasi. Asubuhi walipita katika nyasi ndefu zilizonong'ona, na alasiri mvua ikaja. Haikuja kwa hasira. Ilikuja kwa upole na haikukoma, nayo ikaingia katika kila kitu. Walijibanza chini ya mwamba. Mkasi akainua kifuniko akaona makaa yamebaki mawili, na la tatu linafifia.

"Gunia la magunzi liko wapi?"

Likaletwa. Magunzi ya mahindi yaliyokaushwa kwa ajili ya safari yalikuwa yanavuja maji kama sifongo. Samadi ya akiba ilikuwa uji. Kuni za porini zilikuwa mbichi na zimelowa. Hapakuwa na kitu kikavu chini ya mwamba ule isipokuwa kilichokuwa kifuani mwa Mkasi.

Katika ukoo ule binti alipovunja ungo alipewa mwana wa mti. Ni kijiti kilichochongwa, urefu wa kiganja, hakina mikono wala miguu, kina kichwa chenye vishungi viwili na shanga shingoni. Binti alimpaka mafuta na kulala naye mpaka apate mtoto wa damu, ndipo shanga zihamie kwa mtoto. Mkasi alikuwa naye kwa miaka ishirini. Waume wawili walimrudisha kwao, na yule mwana wa mti alirudi naye mara zote mbili.

Mkasi alimtoa kifuani. Wote wakajua.

"Wifi," alisema Siwema, "usifanye hivyo."

"Kwa nini? Amewahi kulia akataka kunyonya?" Mkasi alicheka, lakini alikuwa anafungua zile shanga polepole sana, moja baada ya nyingine. Alizifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Mtoto gani huyu, miaka ishirini hata meno hana. Acha afanye kazi."

Akamlaza katika makaa. Ulikuwa mti mgumu, mkavu, ulioshiba mafuta ya miaka ishirini. Haukuwaka kwa pupa. Ulishika moto kuanzia chini, taratibu, ukatoa harufu ya mafuta ya nyonyo na ya usingizi. Bibi Havijawa aliugeuzia mwamba uso wake.

Moto ulikuwa hai.

Siku ya tatu chungu kilikuwa cha Siwema.

Alfajiri hiyo miguu ya Bibi Havijawa ilikuwa imevimba. Wanaume walikata miti wakamtengenezea kiti cha kubebea, na mwendo wao ukawa wa kobe. Mngoya akamwambia Siwema, "Shemeji, wewe tangulia. Moto hausubiri watu. Fuata mgongo wa mlima, usiuache. Ukiona nyumba moja peke yake, mpya, haina moshi, ndiyo yetu."

Siwema akapanda peke yake. Ukungu ulikuwa mzito, hata miti ilikuwa inakuja kwake mmoja mmoja, inamtazama, kisha inapita nyuma. Hakusikia miguu yake. Alisikia chungu kichwani, joto lake likipenya ngata na kushuka hadi masikioni, na ilikuwa kama amembeba mtoto aliyelala anayepumua nywelani mwake. Akaanza kutaja, kwa kuwa hapakuwa na mtu. Kolwa, Mwanshamba, Tunu, Mbuke, Havijawa. Majina yalitoka mdomoni na moshi wa baridi, yakakaa kidogo hewani mbele yake, naye akapita katikati yake. Hakuongeza la sita. Leo aliona haya zaidi, kwa sababu lilikuwa karibu.

Jua lilipoanza kuupausha ukungu, alifika kwenye chemchemi. Hapo palikuwa na mwanamke mzee ameketi, anaosha majani ya mnavu.

Hapa ndipo mkumbuke jinsi Siwema alivyolelewa. Kwao, na bondeni pia, kijana hamsalimii mzee akiwa amesimama. Hupiga goti. Na mtu hapigi goti akiwa na chungu kichwani, huku amekishika kwa mikono miwili. Siwema alitaka kupita. Hatua moja, mbili.

"Huko mtokako," sauti ilisema nyuma yake, "wazee wamekwisha?"

Siwema alisimama. Akarudi. Akatua chungu, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa nakuona. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, bibi."

"Wazee?"

"Wazima, bibi. Mama mkwe miguu imemvimba."

"Pole yake. Apake majani ya mbono. Mashamba?"

"Mashamba yamechukuliwa na mto."

"Ee! Pole. Mbuzi?"

"Wapo wanne."

"Mliondoka na wangapi?"

"Wanne, bibi."

"Mshukuru. Na ninyi ndio wenye ile nyumba ya yule mwanamume anayeimba vibaya?"

"Huyo ni shemeji yangu."

"Mwambie kuni asikate huku chemchemini, akate upande jua linakotua. Na awe anaimba ndani." Mzee akacheka, na Siwema naye akacheka, na ukungu ukapita kati yao kama kitambaa cha mtu. Wakaulizana habari za mvua, na za wagonjwa, na za waliokufa mwaka ule, maana salamu za mlimani ni ndefu kwa sababu watu ni wachache. Sauti ya mzee ilikuwa inafanana na ya mama yake Siwema, au Siwema alitaka ifanane. Alikaa pale kama mtu anayeota kwamba amefika kwao.

Alipoinua chungu kilikuwa kimepoa.

Alikigeuza. Udongo wa pale ulikuwa wa mfinyanzi, laini kama siagi. Ulikuwa umeingia katika lile tundu na kuliziba, kama kidole kinavyoziba mdomo. Akafungua kifuniko. Majivu. Mkaa mweusi. Kifua cha yule mwana wa mti kilikuwa bado kina umbo lake, cheusi tii. Akapuliza. Akapuliza tena. Akapuliza mpaka macho yakajaa majivu na machozi.

Moto haukuwa hai.

"Usilie," alisema mzee. "Moto nao ni wa kulilia? Nyumbani kwangu ni hapo tu. Njoo uchukue kaa, uchukue hata mawili."

Siwema alitazama ule moshi wa nyumba ya mzee, wa bluu, mwembamba, hatua hamsini tu. Hakuna aliyekuwa anaona. Makaa ni makaa. Nayo midomo yake ikasema, "Ahsante, bibi. Nikichukua kwako, sisi tutakuwa watoto wako."

"Na ubaya wake ni nini? Mimi natesa watoto?"

"Hapana, bibi. Ila kuna majina."

Mzee alimtazama sana. Kisha akarudi kwenye mnavu wake. "Nenda basi, mwenye majina. Nyumba yenu iko nyuma ya kile kichaka."

Siwema aliikuta nyumba ya Mngoya imesimama katika ukungu, mpya, haina moshi, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa watu akasahau alichofuata. Hakuingia. Alikaa chini ya upenu, nje ya kizingiti. Alizibua tundu la chungu kwa kijiti. Akachagua katika kuni za Mngoya kibao laini na mti mwembamba mgumu, akafanya kile ambacho bondeni hakuna aliyekijua, wala yeye hakuwahi kuwaonyesha kwa kuogopa kuitwa mtu wa porini. Alipekecha moto, kama mama yake alivyomfundisha kupekecha chini ya mizinga.

Alipekecha mpaka viganja vikachubuka. Alipekecha mpaka vikatoa damu. Kibao kikatoa moshi, moshi ukatoa unga mweusi, na ndani ya unga cheche moja, ndogo kuliko punje ya ulezi. Aliiweka kwenye nyasi, ikazimika. Akapekecha tena. Ya pili akaiweka kwenye jani kavu, ikazimika. Ya tatu hakujua aiweke wapi, akaiangusha ndani ya chungu, juu ya ule mkaa wa mwana wa mti. Mkaa ule ukaipokea. Mstari mwekundu ukatembea kifuani mwake, ukashuka, ukaigusa samadi ya chini, ambayo maji ya mto hayakuifikia, na samadi ikashika.

Siwema akainuka. Akavuka kizingiti na chungu mikononi. Akaumimina moto kati ya mafiga matatu.

Waliokuwa chini waliona moshi unatoka kwenye paa. Mngoya alianza kuimba. Bibi Havijawa, juu ya kiti chake cha miti, alilia bila kujificha.

"Umefika," alisema. "Moto wa mama yangu umefika."

Walipomshusha mlangoni hakuvuka. Kidawa alikwishateleka chungu cha ugali, maji yameanza kusema. Alishika mwimo wa mlango, akanyoosha mgongo, akafumba macho, akafungua mdomo ili atwae pumzi ya kutaja. Siwema alikuwa amesimama ndani, mikono ameificha nyuma. Kitu alichokiota chini ya shuka kwa miaka kilikuwa umbali wa pumzi moja. Yule mzee wa chemchemi hakuwepo. Hakuna aliyejua.

"Mama," alisema Siwema, "usivute pumzi."

Akaleta mikono mbele. Akaeleza yote, chemchemi, salamu, mfinyanzi, kaa la jirani alilolikataa, na cheche tatu. Alipomaliza, maji tu yalikuwa yanasema.

Kidawa ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo mbegu zangu za miaka kumi na mmoja ziko baharini," alisema, "kwa sababu wewe ulikuwa unauliza habari za mbuzi."

"Ndiyo, dada."

"Mbuzi wa nani?"

"Wetu, dada. Yule bibi ndiye aliyekuwa ananiuliza mimi."

Mngoya alitaka kucheka, akatazamwa, akaacha.

"Basi nami niseme langu," alisema Kidawa. "Moto wa mama nimeubeba mimi, na siku yangu ilipokwisha ulikuwa hai. Siwezi kulaumiwa kwa siku isiyo yangu. Na huo mwingine umeshika kwenye nini? Kwenye samadi niliyoivusha mto ikiwa kavu. Ningeshika mzigo kwa mkono mmoja, chungu kingekunywa maji, na huyu angepekecha mpaka mifupa ionekane. Nililipa kwa shamba langu lote. Jina ni langu."

Mkasi alikuwa anazungusha zile shanga mkononi.

"Wifi, wewe una watoto wanne," alisema. "Ukifa leo watakutaja wakipiga miayo. Mimi nani atanitaja? Nilikuwa na mmoja, wa mti, nikamtia motoni nikicheka, na ninyi mkanisifu kwamba nina moyo mgumu. Sina. Cheche mbili zilikufa, ya tatu ikapata pa kukaa. Ilikaa kwa mwanangu. Huo moto mnaoota sasa ni yeye. Mnaweza kumwita mnavyotaka, mimi ninamjua."

Hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

"Nawe, Siwema?" aliuliza Bibi Havijawa. Alikuwa bado nje ya kizingiti, na macho bado ameyafumba.

"Mimi niliuua, mama."

"Hilo nimelisikia. Nauliza unadai nini."

Siwema alitazama viganja vyake. "Nyumba ilikuwa baridi, sasa ina joto. Ningeweza kuchukua kaa la jirani, sikuchukua. Ningeweza kunyamaza, sikunyamaza. Kwa mikono hii moto upo. Sijui kama hilo ni dai."

"Ni dai!" alisema Mngoya. "Tena ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mama, tuseme ukweli wenyewe. Moto wa Kolwa umekufa kwenye chemchemi. Huu ni mwingine. Basi utajwe kama ulivyo: 'Huu ni moto wa Siwema.' Kwisha. Tunaanzia hapo, kama Kolwa naye alivyoanzia mahali."

Siwema alimgeukia kwa hofu.

"Peke yangu?"

"Ndiyo, shemeji. Wa kwanza. Heshima iliyoje!"

"Hapana," alisema Siwema. "Hapana, shemeji. Sikutaka kuwa wa kwanza. Nilikuwa peke yangu kabla sijaja kwenu. Nilitaka kuwa na watu mbele yangu."

Hapo Kidawa, aliyekuwa amenuna, akainamisha kichwa. Mkasi akaacha kuzungusha shanga.

Ukungu ulikuwa umerudi. Uliingia kwa mlango, ukapita miguuni mwa Bibi Havijawa, ukafika kwenye mafiga ukageuka dhahabu, hata haikujulikana ni ukungu au ni moshi. Bibi Havijawa aliyasikiliza maji. Ni mwanamke aliyetaja majina kila alfajiri kwa miaka arobaini na hakukosea hata mara moja. Akimtaja Kidawa, ametaja aliyeuokoa moto usiofika. Akimtaja Mkasi, ametaja aliyeulisha moto kwa mtoto wake, na moto ukafa hata hivyo, kisha ukafufukia kwa mtoto huyo huyo. Akimtaja Siwema mwisho wa mstari, amesema kwamba Havijawa alimpa kitu ambacho hakikufika. Akimtaja Siwema peke yake, amesema kweli tupu, na wanawake wanne wamekufa mara ya pili, na yeye mwenyewe wa tano, akiwa amesimama mlangoni kwake anasikia.

Kidawa alikuwa ameshika unga mkononi. Maji yalikuwa yanachemka.

Bibi Havijawa alivuka kizingiti. Akapiga goti mbele ya mafiga, akanyoosha viganja kwenye joto, akavuta pumzi ndefu.

Nanyi mlioketi hapa msiseme atawataja wote watatu, kwa kuwa jina ni moja na pumzi ni moja. Wala msiseme atanyamaza, kwa kuwa ugali hausongwi kwenye moto usio na jina. Ameshavuta pumzi, na mtu hawezi kukaa nayo kifuani siku nzima. Semeni upesi: aanzie kwa nani, na aishie kwa nani? Je, kati ya aliyeuvusha, aliyeulisha na aliyeuua akauzaa, nani alistahili?